Mikebe, Miche na Rungu: Kitalu Kilichoisumbua Serikali

Wangari Maathai ana picha mbili vichwani mwetu. Ya kwanza iko kwenye vitabu vya shule na kalenda za ukutani: mama mwenye kilemba na tabasamu pana, magoti chini, mche mkononi. Ya pili wengi wetu tumeiona mara chache. Ni mama yuleyule, Januari 1999, anavuja damu kichwani baada ya kupigwa nje ya msitu wa Karura, Nairobi. Ile ya kwanza tunaipenda. Inafaa Siku ya Mazingira, haimkwazi mtu, hata waziri anaweza kuibandika ofisini kwake. Ile ya pili tunaiweka kwenye faili la siasa. Ni kana kwamba walikuwa wanawake wawili waliotokea tu kufanana majina.

Juzijuzi nilirudia kusoma Unbowed, tawasifu yake iliyotoka mwaka 2006, na kilichonishika safari hii hakikuwa mapigano. Ni mikebe. Mara ya kwanza nilizipita haraka kurasa zile za vyungu vilivyovunjika, mbegu zinazookotwa shambani, kuku na mbuzi wanaofukuzwa. Nilikuwa natafuta gesi ya machozi. Safari hii nilisimama hapo hapo kwenye kuku, nikajiuliza: mwanamke aliyekuja kuitikisa Ikulu, mbona anatusimulia habari za kuweka miche juu ili isiliwe?

Jibu nililolipata ndilo ninalotaka kuliandika hapa. Kazi ile ndogo ya kitaluni haikuwa pambo la harakati, wala mradi wa pembeni wa kuwapa kina mama shughuli wakati wanaume wanafanya siasa. Ndiyo ilikuwa siasa yenyewe. Ila ili tuione hivyo, lazima tuanzie mbali kidogo, kabla ya mche wa kwanza.

Jembe la kulazimishwa

Murang'a, miaka ya 1947 na 1948. Serikali ya kikoloni imegundua kwamba udongo wa milima ya Kati unabebwa na mvua. Na kweli ulikuwa unabebwa. Lakini kwa nini? Ardhi kubwa na nzuri ilikuwa imechukuliwa na walowezi, Waafrika wamesongamanishwa kwenye maeneo waliyotengewa, shamba halipumzishwi tena. Serikali haikutaka kuigusa sababu hiyo. Ikachagua dawa: watu wachimbe makingamaji, na wachimbe kwa amri, chini ya usimamizi wa machifu, bila malipo.

Na nani alichimba? Wanaume wengi walikuwa Nairobi au kwenye mashamba ya wazungu wakitafuta pesa ya kodi. Jembe likabaki kwa mwanamke, yuleyule ambaye tayari alikuwa analima, anachota maji, anatafuta kuni na kulea. Mwaka 1948 wanawake wa Murang'a walikwenda mpaka makao ya wilaya wakiimba na kucheza, wakatangaza kwamba makingamaji basi. Wengine walikamatwa. Wanahistoria wa Kenya wanalikumbuka tukio hilo kama maasi ya wanawake.

Sasa hapa kuna fumbo. Wanawake hawa walikuwa wanakataa kuhifadhi udongo? Ukisoma barua za maofisa wa wakati ule ndivyo utakavyoambiwa: wajinga, hawajui faida yake. Lakini miaka 30 baadaye, kwenye milima hiyohiyo, wanawake wa kizazi kilichofuata, wengine bila shaka mabinti wa wale walioimba, walichimba mashimo maelfu kwa maelfu ya kupandia miti, kwa hiari yao. Udongo ni uleule, mvua ni ileile, na jembe ni lilelile. Kilichobadilika ni nani anaamua na nani anahesabu.

Nadhani hiyo ndiyo tofauti inayopotea kila tunapozungumza juu ya "utunzaji wa mazingira" kana kwamba ni jambo moja popote linapofanyika. Kazi ileile inaweza kuwa utumwa na inaweza kuwa uhuru.

Mkuyu uliokatwa

Wangari alizaliwa Ihithe, Nyeri, tarehe 1 Aprili 1940. Karibu na kwao palikuwa na mti mkubwa wa mugumo, yaani mkuyu wa Wakikuyu, na kijito kilichobubujika jirani yake. Mama yake alimkanya asiokote kuni za mti huo, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Mtoto akatii. Alikuwa anakwenda kijitoni kuchota maji na kuchezea mayai ya vyura yaliyong'aa kama shanga, akijaribu kuyavaa shingoni, nayo yanateleza.

Kisha akapata bahati ya kusoma Marekani, akahitimu Kansas mwaka 1964 na kuendelea Pittsburgh. Aliporudi, mkuyu ulikuwa umekatwa. Mwenye shamba mpya aliona unamlia nafasi ya kupanda chai. Kijito nacho kilikuwa kimekauka. Miaka mingi baadaye, akiwa mwanasayansi, ndipo alipounganisha vitu hivyo viwili: mizizi ya mti ule ilikuwa inapenya chini sana kwenye mwamba na kuyapa maji ya ardhini njia ya kupanda juu. Marufuku ya mama yake haikuwa ushirikina mtupu. Ilikuwa sheria ya maji, iliyovaa nguo za dini.

Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Alifundisha anatomia ya mifugo na kutafiti kupe wanaoeneza ndigana kali. Akiwa mashambani kutafuta kupe aliona mito imegeuka rangi ya kahawia kwa udongo, na ng'ombe mbavu nje. Akaanza kushuku kwamba kupe si tatizo kubwa kuliko yote.

Halafu wakaja kina mama wenyewe. Kupitia Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya alisikia malalamiko ya wanawake wa vijijini: kuni ziko mbali, maji si safi, watoto wana utapiamlo. Utapiamlo Kati, kwenye udongo ule mwekundu wenye rutuba? Ndiyo. Ardhi iliyokuwa ya mahindi, maharage na viazi sasa ilikuwa ya kahawa na chai. Hati ya shamba mara nyingi ni ya jina la mume, na malipo ya zao yanapitia kwake. Kuni zimepungua, kwa hiyo mama anapika kinachoiva haraka: chai, mkate mweupe, wali. Chakula kinachohitaji kuchemka saa tatu kimeondoka jikoni kwa sababu hakuna cha kukichemshia.

Angalia jinsi mnyororo unavyokwenda. Siasa ya ardhi inaingia shambani, shamba linaingia jikoni, jiko linaingia kwenye mwili wa mtoto. Wangari akauliza swali ambalo leo linaonekana rahisi mno: kwa nini tusipande miti?

Mche usio na cheti

Haikuanza vizuri, na hili napenda kulisisitiza kwa sababu hadithi za mashujaa hupenda kuruka sehemu hiyo. Jaribio lake la kwanza, katikati ya miaka ya 1970, lilikuwa kampuni aliyoiita Envirocare, ya kuwapa kazi watu maskini wa jimbo ambalo mumewe alikuwa amechaguliwa kuliwakilisha bungeni. Ilikufa. Miche yake mingi pia ilikufa, kwa kukosa maji na mtu wa kuiangalia. Tarehe 5 Juni 1977 Baraza la Wanawake liliandamana hadi Kamukunji, Nairobi, na kupanda miti 7 kwa heshima ya viongozi wa zamani wa jamii mbalimbali. Ndiyo siku ya kuzaliwa ya Green Belt Movement, vuguvugu la ukanda wa kijani. Kati ya miti hiyo 7 iliyosalia ni miwili.

Miwili kati ya saba! Mtu mwingine angesema sherehe ilifana, picha zimepigwa, twendeni nyumbani. Yeye alitoka na somo lingine: mti unaopandwa kwa sherehe hauna mwenyewe.

Akawapeleka wanawake kwa maofisa wa misitu wafundishwe. Maofisa wakafundisha kama walivyofundishwa wao, kwa habari za mwinuko wa ardhi na pembe ya miale ya jua. Kina mama wakatazamana. Hawa ni watu waliopanda mbegu tangu utotoni, leo wanaambiwa kwamba bila lugha hiyo hawawezi kupanda mti! Miche nayo, serikali ilisema itaitoa bure, kisha ikaona wanaotaka ni wengi mno.

Hapo ndipo mikebe inapoingia. Wakaacha kungoja. Waliokota mbegu kutoka miti ya mashambani mwao. Walitumia kopo kuukuu, chungu kilichovunjika, chochote chenye uwezo wa kushika udongo na kutobolewa chini. Vyombo wakaviweka mahali pa juu, kuku na mbuzi wasifike. Wakajiita, au wakaitwa, wanamisitu wasio na diploma.

Aliyewahi kutunza kitalu anajua si mchezo. Mbegu nyingine huota kwa siku chache, nyingine hukaa wiki na wiki mpaka ukate tamaa. Miche ikiota inataka kivuli, lakini ukiizidishia kivuli inakuwa mirefu na legelege. Maji asubuhi na jioni, si mengi. Ukiuhamisha mapema unakufa, ukichelewa mizizi inajiviringa ndani ya kopo. Na kabla ya kuupeleka shambani lazima uuzoeshe jua kidogo kidogo. Hakuna likizo. Ukisafiri siku nne bila kumwachia mtu, umeanza upya.

Juu ya kazi hiyo vuguvugu likaweka utaratibu, na utaratibu wenyewe ndio uliokuwa na akili. Kikundi kinajiandikisha. Kinaanzisha kitalu. Kinawatangazia majirani kwamba miche ipo. Jirani anayeitaka anachimba mashimo kwanza, kikundi kinakwenda kuyakagua, ndipo anapewa. Baada ya muda wanarudi kuhesabu iliyoshika. Malipo ya kikundi, senti nne hivi za dola kwa mche, hayatolewi kwa mche uliopandwa bali kwa mche ulio hai.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Serikali nyingi hadi leo hutangaza idadi ya miti iliyopandwa. Mwaka ujao panatangazwa idadi nyingine, na hakuna anayerudi kwenye shimo. Wanawake wa Green Belt walilipwa kwa kurudi. Walijifunza kwamba tangazo si kitu, kwamba mtu unamwamini baada ya kuona shimo lake, na kwamba kazi hupimwa kwa kilichobaki hai. Ukishamfundisha mwananchi kuhesabu hivyo, kitakachomzuia asihesabu mambo mengine ni nini?

Basi lisilo lako

Serikali ya Daniel arap Moi haikuwa na shida na wanawake wanaopanda miti, mwanzoni. Iliwaona kama burudani. Lakini hebu fikiria mazingira yenyewe. Chama ni kimoja kwa mujibu wa sheria tangu 1982. Mwaka 1988 watu wanapiga kura kwa kupanga mlolongo nyuma ya mgombea, na mlolongo mfupi unaweza kutangazwa mshindi. Kukutana kunataka kibali. Sasa katika nchi ya namna hiyo, mtandao wa vikundi vya wanawake vijijini, wanaokutana kila wiki, wana viongozi waliowachagua, wanaweka daftari na kukaguana, ni kitu gani? Kwa macho ni kitalu. Kwa kweli ni shule ya kujitawala.

Na shule ilikuwepo hasa. Vuguvugu liliendesha semina ambako watu waliombwa kutaja matatizo yao. Orodha ilikuwa ndefu: njaa, mito imekauka, barabara, rushwa. Wakaulizwa yanatoka wapi. Karibu wote wakasema serikali. Ndipo Wangari alipotumia mfano wake wa msafiri aliyepanda basi lisilo lake. Alipandaje? Pengine hakuuliza. Pengine aliuliza akadanganywa. Pengine hajui kusoma kibao, au anajua ila aliogopa kumkatalia utingo aliyemsukuma ndani. Vyovyote iwavyo, yumo, na anakwenda asikokusudia. Afanyeje?

Mfano huu una makali pande mbili. Upande mmoja unamwambia mwananchi: hata wewe umekata miti ya ukingo wa mto wako, usisingizie. Upande wa pili unamwambia: dereva naye anajua anakokupeleka, na una haki ya kushuka. Serikali ingeupenda upande wa kwanza peke yake. Semina zilifundisha yote mawili kwa pamoja, na hapo ndipo upandaji miti ulipoacha kuwa burudani. Mwaka huohuo wa 1988 vuguvugu lilikuwa linahimiza watu kujiandikisha kupiga kura.

Kisha ikaja bustani. Mwishoni mwa 1989 Wangari alipata habari kwamba Uhuru Park, mahali ambapo mtu wa kawaida wa Nairobi anaweza kulala kwenye nyasi Jumapili bila kulipa, palikuwa pamepangiwa ghorofa 60 za kampuni ya gazeti la chama tawala, na sanamu kubwa ya rais. Akaandika barua. Aliwaandikia wakubwa mmoja baada ya mwingine, akiuliza kama Waingereza wangekubali mnara ndani ya Hyde Park. Bungeni wakamzomea. Wabunge walilidharau vuguvugu kama kundi la wanawake walioachika, na yeye kweli alikuwa ameachwa, kwa kesi iliyoanikwa magazetini. Rais akasema hadharani kwamba mwanamke wa Kiafrika anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Vuguvugu likapewa saa 24 kuondoka kwenye jengo la serikali lilimokuwa na ofisi. Likahamia nyumbani kwake, South C, faili mpaka jikoni.

Ofisi ya kawaida ingekufa kwa pigo hilo. Hii haikufa, na sababu ni ya kawaida sana: vitalu havikuwa ofisini. Vilikuwa vijijini, nyuma ya nyumba, juu ya vichanja, na asubuhi ile walipofukuzwa Nairobi kuna mtu fulani Murang'a aliamka akamwagilia. Harakati inayojilisha yenyewe mashinani haifungwi kwa kufungwa mlango mmoja. Wafadhili wakasita, mnara ukapunguzwa ghorofa, na mapema mwaka 1992 uzio wa ujenzi ukaondolewa. Bustani ikabaki nyasi.

Kina mama kwenye kona

Wiki chache baadaye bustani ileile ilipata wageni. Tarehe 28 Februari 1992 kundi la kina mama, wengi wao wazee kutoka vijijini, waliweka kambi kwenye kona ya Uhuru Park wakaanza mgomo wa kula. Walitaka wana wao, wafungwa 52 wa kisiasa, waachiliwe. Miongoni mwao alikuwemo Monica Wangu Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere. Wangari alikaa nao. Watu wa mjini wakaanza kuja, kwanza kutazama, kisha kukaa, kisha kusema. Waliowahi kuteswa kwenye vyumba vya chini vya serikali wakasimulia hadharani mambo ambayo hawakuwahi kuwaambia hata wake zao. Kona ikapata jina, Freedom Corner.

Tarehe 3 Machi polisi wakaja na gesi ya machozi na marungu. Wangari alipigwa hadi akazimia. Baadhi ya kina mama wakavua nguo mbele ya askari, laana nzito kuliko zote ambazo mama anaweza kumtupia mtu wa rika la mwanawe. Kesho yake waliobaki wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, hatua chache tu kutoka hapo, na wakakaa humo karibu mwaka mzima. Kufikia mwanzoni mwa 1993 wafungwa wale walikuwa wameachiliwa, isipokuwa mmoja.

Karibu mwaka mzima! Tunakumbuka siku ile ya Machi kwa sababu kulikuwa na damu na kamera. Lakini waliomshinda Moi hawakumshinda tarehe 3 Machi. Walimshinda kwa kuwa bado wapo Juni, bado wapo Septemba, wamelala kwenye sakafu ya kanisa, wanagawana blanketi, wanahesabu: wametoka wangapi, wamebaki wangapi. Mimi nasoma sura hiyo na naona kitalu. Ni uvumilivu uleule wa mtu anayerudi kuangalia shimo.

Karura ilikuja kuthibitisha. Msitu huo wa hekta zaidi ya 1,000 kaskazini mwa Nairobi ulianza kukatwakatwa kimyakimya na kugawiwa wajenzi binafsi. Habari zilipovuja mwaka 1998, wapinzani wa unyakuzi huo wakaingia msituni na miche. Vifaa vya ujenzi vilichomwa na waandamanaji mwaka huo, hilo lazima lisemwe. Haikuwa hadithi ya malaika. Lakini silaha aliyoichagua Wangari ilikuwa mche. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda getini na wenzake, wakiwemo wabunge na waandishi, kupanda mti mmoja. Wakavamiwa na walinzi wapatao 200 wenye marungu, mijeledi na mapanga. Akapasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa, akaitia sahihi kwa damu yake.

Kwa nini mti mmoja uogopwe hivyo? Kwa sababu mti ni dai. Anayepanda mti anasema atarudi kuuona. Bango unaweza kulichana jioni na mwandamanaji akaandika lingine, lakini mche ukishaushikisha udongo umesema kwamba ardhi hii ina mwenyewe na mwenyewe ni umma. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani wiki hizo, vurugu zikatanda, na tarehe 16 Agosti 1999 rais akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Leo watu wanakimbia mazoezi Karura asubuhi, na wengi hawajui kwamba njia wanayopita ilipaswa kuwa geti la mtu.

Senti nne

Nisije nikaonekana nimelewa sifa. Kuna maswali magumu. Senti nne za dola kwa mche, hata kwa bei za wakati ule, zilikuwa kidogo. Kazi ya kuiponya ardhi iliyoharibiwa na sera za wanaume wakubwa iliangukia tena mgongo uleule wa mwanamke, na pesa ilitegemea wafadhili wa nje, wakiwemo Wanorwe na Umoja wa Mataifa. Mtu anaweza kuuliza: hii si Murang'a ya 1948, ila safari hii kwa tabasamu?

Nimelifikiria swali hilo na bado nasema hapana. Mwanamke wa 1948 hakuweza kukataa bila kukamatwa. Wa 1978 angeweza kuacha kesho. Wa 1948 makingamaji yalikwenda kwenye ripoti ya ofisa wa wilaya. Wa 1978 alikuwa na daftari lake, mti ulikuwa shambani kwake, kuni zilikuwa zake, na zile senti, japo kidogo, kwa wengine zilikuwa pesa ya kwanza isiyopita mkononi mwa mume. Huo si ukombozi kamili. Lakini ni pa kuanzia, na hakuna aliyempa. Kamati ya Nobel ilipompa Wangari tuzo ya amani mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata, ilitaja miti zaidi ya milioni 30. Wengine waliguna: miti na amani wapi na wapi? Waliowahi kugombania kisima hawakuuliza.

Ninachohofia ni jinsi tunavyomkumbuka. Tukimbakiza mama wa miti, tunapata shujaa asiyemdai mtu kitu, na siku ya kupanda miti inakuwa tena sherehe ya Kamukunji, miti saba kwa ajili ya kamera. Tukimbakiza mpambanaji wa rungu na damu, tunajidanganya kwamba harakati ni siku moja ya barabarani. Vijana wa leo wanajua kujaza barabara kuliko kizazi chochote kabla yao. Swali ambalo vitalu vile vinatuuliza ni la Jumanne, siku ambayo hakuna kamera: kina nani wanamwagilia, na daftari liko kwa nani?

Wangari alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameacha wosia kuhusu jeneza: mti usikatwe kwa ajili yake. Akatengenezewa la mianzi, mafunjo na magugumaji, yale magugu yaliyolikaba Ziwa Victoria, yakafumwa na kuwa kitu cha heshima. Serikali ya wakati huo ikampa mazishi ya kitaifa, na tarehe 8 Oktoba jeneza hilo, limefunikwa bendera ya Kenya, likaletwa Uhuru Park, kwenye kona ileile. Nyasi zilikuwepo kwa sababu mnara haukujengwa. Kisha akachomwa Kariokor, kama alivyotaka, bila ubao.